Faili Dogo, Mzigo Mkubwa

Video ikianza kukwamakwama kwenye taimulaini, wahariri wengi hukimbilia kununua RAM. Mara nyingi fedha hiyo huenda bure, kwa sababu tatizo liko kwenye kodeki, yaani njia iliyotumika kubana video.

Simu na kamera nyingi hurekodi kwa H.264, kiwango cha mwaka 2003, au kwa mrithi wake HEVC, wa 2013. Ili faili liwe dogo, kodeki hizi kwa kawaida hazihifadhi kila fremu nzima. Huweka fremu moja kamili, kisha zinazofuata hubeba tofauti tu: mkono uliosogea, mdomo uliofunguka. Nyingine hutegemea hata fremu ambayo bado haijaonyeshwa. Kwa mtazamaji anayekwenda mbele moja kwa moja, hakuna shida. Mhariri haendi hivyo. Anaruka, anarudi nyuma, anasimama katikati ya sentensi akitafuta pa kukata. Na kila anaposimama, prosesa hulazimika kurudi hadi fremu kamili iliyo karibu na kuijenga picha upya. Panga tabaka tatu za video namna hiyo, ongeza marekebisho ya rangi, uone kama laptopu itafurukuta.

Kwa ajili ya uhariri zipo kodeki nyingine: Avid walikuja na DNxHD mwaka 2004, Apple wakaleta ProRes mwaka 2007. Humo kila fremu inajitegemea. Prosesa hupumua, na gharama huhamia kwenye diski: ProRes 422 ya 1080p, kwa fremu 30 kwa sekunde, hula takriban megabiti 147 kila sekunde, yaani gigabaiti 66 kwa saa, wakati H.264 ya megabiti 20 hula gigabaiti 9 tu. Kasi yenyewe si mzigo, maana ni megabaiti 18 kwa sekunde, na hata diski ya kuzunguka huimudu. Kinachokwisha ni nafasi.

Wapo wanaogeuza video ya simu kuwa ProRes HQ, megabiti 220 kwa sekunde, wakidhani ubora utapanda. Haupandi. Kilichopotea wakati wa kurekodi hakirudi.

Asiye na nafasi atengeneze proksi: nakala nyepesi za kukatia, kisha programu ya kuhariri irejee mafaili ya asili wakati wa kutoa kazi. Premiere Pro, DaVinci Resolve na Final Cut Pro zote zinaweza. Na kama video imetoka kwenye simu, igeuzwe iwe na idadi thabiti ya fremu kwa sekunde, la sivyo sauti na midomo huweza kuachana.

Kwa 1080p kwenye kompyuta ya kawaida, mimi nachagua ProRes LT: megabiti 102 kwa sekunde, gigabaiti 46 kwa saa, na programu ya FFmpeg huitengeneza bure hata kwenye Windows. Faili la kumkabidhi mteja ndilo litolewe kwa H.264.