Chuma na Shaba katika Njia ya Tabora

Jembe la Unyamwezi lilizaliwa katika tanuru la udongo. Wanyamwezi walikuwa mafundi hodari wa kufua, lakini chuma kingi walikipata kwa jirani zao Wasumbwa na Wazinza, waliokuwa na mawe ya madini na miti migumu ya kuchomea mkaa. Tanuru lilijazwa mkaa na madini kwa tabaka, kisha mivukuto ya ngozi ikasukuma upepo kupitia mirija ya udongo. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1538 za Selsiasi. Tanuru hilo halikufika huko, wala halikuhitaji kufika. Takataka ndizo zilizoyeyuka na kutiririka, chuma kikabaki bonge lenye matundu. Mhunzi alilirudisha motoni akalipiga, tena na tena, hadi mavi ya chuma yakatoka. Hakuwa na kipimo ila rangi ya moto na mlio wa nyundo juu ya fuawe, na kwa hivyo viwili tu alijua saa ya kuongeza upepo na saa ya kutoa chuma kwa koleo.

Jembe lenyewe lilikuwa pana, lenye umbo la moyo na mkia mwembamba. Mkia ulipenyezwa kwenye tundu lililochomwa katika kichwa kinene cha mpini, bila msumari wala kamba, na kila pigo la mkulima lilizidi kulikaza. Ni vigumu kupata chombo kingine cha shamba kilichofikiriwa vizuri kiasi hicho.

Thamani yake haikuishia shambani. Jembe lilitolewa mahari, na wapagazi waliokwenda pwani waliyabeba majembe hadi Ugogo, wakayabadilisha kwa mahitaji ya safari au kuyalipa kama hongo, yaani ushuru wa kupita. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, penye Tabora ya leo, mwaka 1857, biashara hiyo ilikuwa imeshamiri.

Kutoka pwani misafara ilirudi na masango, yaani nyaya nene za shaba ya njano. Hapo ufundi uligeuka kuwa wa subira. Waya ulipashwa moto, ukapigwa, kisha ukavutwa kupitia matundu ya bamba la chuma, kila tundu jembamba kuliko lililotangulia. Shaba inayovutwa hukakamaa na kukatika, hivyo ilibidi irudishwe motoni ilegee kabla ya kuvutwa tena. Waya mwembamba uliopatikana ulizungushwa juu ya singa za mkia wa mnyama, zikawa bangili za miguuni.

Reli ya Wajerumani, waliokuwa wakitawala nchi, ilifika Tabora mwaka 1912. Mwaka 1916, watawala hao wakiwa wamezingirwa na vita, mji huo ulifua sarafu zake: heller 5 na 20 za shaba, zenye herufi T, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Wakati huo majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yalikuwa yameanza kuzima matanuru. Kufua hakukufa. Wahunzi wa leo huchukua spring za malori na vyuma chakavu, wakavitia motoni na kuvigeuza visu, mashoka na majembe.