Aliyejenga Jumba Hana pa Kulala

Nilisoma tena Going Down River Road ya Meja Mwangi (1976) mwezi ule nikitafuta bedsita Nairobi. Ajenti alitaka hela ya kunionyesha chumba tu. Bado kodi na dipositi. Ndipo nikamwelewa Ben. Mchana anajenga Development House. Akishafukuzwa kwenye nyumba, anajibana na mtoto kwa Ocholla, kwenye kibanda ambacho kanjo wakikichoma, kinajengwa tena.

Wengi hulalamikia pombe humo. Mimi nalalamikia Wini: anamwacha mtoto, anatoweka, na upande wake hatuusikii. Hata hivyo, sijaona riwaya inayoonyesha vizuri hivi kwamba mjenzi wa jiji halimudu. Chumba nilipata, Kayole. Dipositi ya kukopa.