Pongezi kwa Watafiti wa Udongo

Nawapongeza kwa moyo wote watafiti wa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, pale Mwenge, Dar es Salaam. Wameurudishia udongo heshima yake.

Tofali lao la kufungamana halichomwi. Udongo uliochekechwa huchanganywa na saruji kidogo na maji, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali huwekwa kivulini na kumwagiliwa maji kwa siku saba au zaidi. Hakuna mti unaokatwa kulisha tanuri. Kozi ya kwanza ya matofali ukutani ndiyo hulazwa juu ya mota. Zinazofuata hushikana zenyewe.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kipimo cha udongo. Ni kisanduku tu cha mbao, urefu sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Hujazwa udongo uliolowanishwa, ukaachwa ukauke, kisha fundi hupima ulivyonywea. Ukinywea sana, udongo wa mfinyanzi ni mwingi, saruji iongezwe. Ukinywea kidogo, saruji ipunguzwe. Hii ni sayansi kamili, na hufanyika uani. Mzee aliyewahi kukandika nyumba ya miti huielewa papo hapo, maana nyufa za ukuta anazijua.

Kupima hivyo huzuia saruji kutumika bure. Saruji ni ghali, na viwanda vyake hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, kwani jiwe la chokaa lenyewe huitoa likichomwa.

Ndugu msomaji unayejiandaa kujenga, kabla hujaagiza kuni za tanuri, pima kwanza udongo wa kiwanja chako.