Redd Foxx: Je, Runinga Ilimfuga?

Katika semina yetu moja mwenzetu alisimama akatamka, kwa sauti ya hakimu, kwamba Redd Foxx alikufa Januari 1972. Darasa likacheka, maana aliyesoma hata kidogo alijua kuwa Foxx alifariki mwaka 1991. Kumbe mwenzetu hakukosea tarehe. Alimaanisha kwamba Januari ile, NBC ilipoanza kurusha kipindi cha Sanford and Son, mchekeshaji wa klabu za usiku aliuawa, na badala yake watu wakapewa kizee cha kufurahisha familia sebuleni. Mhadhiri akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikanyamaza, sikuwa na hoja. Sasa ninayo, ndiyo maana naandika.

Kwanza tumpe mwenzetu haki yake. John Elroy Sanford, mzaliwa wa St. Louis mwaka 1922, hakulelewa na runinga. Ujanani alikuwa Harlem, akiosha vyombo katika mgahawa ambamo alifanya urafiki na kijana mwingine mwenye nywele za rangi nyekundunyekundu kama zake. Huyo ndiye Malcolm X, ambaye hakumsahau mwoshavyombo yule katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1965. Kisha zikafuata klabu, miaka na miaka ya klabu, kwanza akiwa pamoja na Slappy White, baadaye peke yake. Mwaka 1956 kampuni ya Dooto ya Los Angeles ilitoa santuri yake Laff of the Party, na kuanzia hapo zikafuata nyingine zaidi ya hamsini. Zilikuwa santuri za kuuzwa chini ya kaunta, za kusikilizwa watoto wakishalala. Mada yake kuu ilikuwa kitanda, na mbinu yake kuu maneno yenye maana mbili.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimweka kwenye runinga ya Marekani ya 1972 lazima umfunge mdomo. Na walimfunga kweli. Hapo sibishani. Kosa la mwenzetu ni kwamba ameyatazama maneno akausahau utendaji, kosa ambalo sisi wa fasihi simulizi tulipaswa kuwa wa mwisho kulifanya. Hebu sikiliza zile santuri bila kujali matusi. Utasikia nini? Utasikia kituo. Foxx anasema nusu ya jambo, ananyamaza, na hadhira inaimalizia nusu iliyobaki vichwani mwao na kucheka kabla hajafungua tena kinywa. Tusi lenyewe mara nyingi halitamkwi kabisa. Fanani huyu alikuwa amejifunza kumfanya msikilizaji awe mkosaji mwenzake.

Ujuzi huo runinga haikuweza kuufunga. Mwaka 1970 Ossie Davis alimpa nafasi ya mzee wa skrepa katika filamu ya Cotton Comes to Harlem, na miaka miwili baadaye akawa Fred Sanford, mzee mwingine wa skrepa, huko Watts, Los Angeles. Sanford ni ukoo wake mwenyewe, na Fred ni jina la kaka yake. Foxx alikuwa na miaka 49, mhusika ana 65. Basi angalia jinsi anavyotembea: magoti yamepinda, bega moja limeshuka, kila hatua ni kesi ya kudai fidia.

Wengi wanajua kwamba kipindi hiki kilitokana na Steptoe and Son cha BBC, kilichoanza 1962. Ukivitazama vyote viwili utaona kitu ambacho hakimo katika miswada. Wilfrid Brambell, baba wa Kiingereza, anazungumza na mwanawe. Wamefungiwa wawili katika nyumba moja na huzuni yao. Foxx anazungumza na mwanawe Lamont, lakini jicho lake liko kwa watu waliokaa studioni. Anawangoja. Demond Wilson, aliyeigiza Lamont, mara nyingi inambidi asimame tu pale mpaka baba amalize shughuli zake na hadhira. Kwa kanuni za tamthilia ya uhalisia hii ni dosari, sikatai. Kwa kanuni za klabu ndiyo sanaa yenyewe.

Kuna mlango mwingine ambao klabu iliingilia, nao ni Shangazi Esther. LaWanda Page alimjua Foxx tangu utotoni St. Louis; naye alikuwa mtu wa klabu, mcheza ngoma ya moto, na santuri zake si za kusikilizwa mbele ya mama mkwe. Inasimuliwa kwamba wakubwa walitaka kumwondoa kwa kuwa hakuzoea kamera, Foxx akasema akiondoka yeye naondoka na mimi. Akapewa nafasi ya mama wa kanisa, Biblia mkononi. Jamani, hicho ni kichekesho ndani ya kichekesho! Midomo miwili michafu kuliko yote imekaa sebuleni, mmoja ni mlokole, na wanatukanana bila hata tusi moja la kukatwa. Wamarekani Weusi wana utani wao wa kale wa kutupiana maneno juu ya sura, ukoo na akili, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Fred na Esther wanaucheza huo. Katika msimu wa 1972-73 kipindi kilishika nafasi ya pili nchini Marekani. Mamilioni ya watazamaji Weupe walikuwa wanatazama mchezo ambao hawakuwahi kualikwa kuuona, na sidhani wengi wao walitambua.

Mwenzetu anaweza kuniuliza: mbona basi Foxx mwenyewe alilalamika? Alilalamika kweli. Mwaka 1974 aligoma, akidai malipo bora na hata chumba cha kubadilishia nguo chenye dirisha. Watunzi wakasema Fred amesafiri kwenda St. Louis, kipindi kikaendelea na Grady. Lakini huo ni mgogoro wa mfanyakazi na mwajiri. Hauthibitishi kuwa sanaa yake ilikufa. Tena mwaka 1977 alihamia ABC akapewa kipindi chenye jina lake mwenyewe, bila kizee wala skrepa, na hakikudumu. Hapa hoja ya kufugwa inakwama: alipovuliwa barakoa ya Fred ndipo runinga ikamshinda. Klabuni, huko Las Vegas, aliendelea kutukana miaka yote hiyo.

Nimeacha mshtuko wa moyo makusudi. Kila Fred alipobanwa, alishika kifua, akayumba, akatazama juu na kumwita marehemu mkewe Elizabeth kwamba anamfuata. Ni kichekesho cha klabu kabisa: hakisukumi msuko mbele, kinarudiwa hadi hadhira inakidai, na raha yake ni kwamba hakuna anayekiamini. Lamont haamini. Sisi hatuamini. Foxx aliwafundisha watu kutomwamini kwa vipindi zaidi ya mia moja.

Tarehe 11 Oktoba 1991 alikuwa studioni kwenye mazoezi ya The Royal Family, kipindi kipya cha CBS alichoigiza na Della Reese. Akaanguka. Baadhi ya waliokuwepo walidhani ni kile kichekesho cha Fred, wakangoja ainuke. Alikuwa na miaka 68. Kipindi kiliendelea bila yeye, Jackée Harry akaingizwa, na mwaka 1992 kikaisha.