Mizigo Mitatu ya Neno "Risasi"

Mtafsiri mmoja wa Arusha ametuletea rasimu ya mwongozo wa wanamichezo wa kulenga shabaha kwa bastola, akiomba tuyapime maneno yake. Mwongozo huo unamhusu mlengaji anayeunda mwenyewe risasi zake za mashindano, nao unamwelekeza jinsi ya kuchagua kile kipande cha madini kinachoruka kutoka mtutuni. Huenda msomaji akauliza taaluma ya watu wachache kiasi hiki inatuhusu nini. Jibu letu ni kwamba maneno hayabaki mezani pa mlengaji. Tunayo sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimetangazwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno lililolegea katika mwongozo wa michezo litalegea pia katika hati ya mashtaka.

Rasimu imeandikwa kwa Kiswahili safi, na mtafsiri anastahili pongezi kwa kutokimbilia maneno ya kigeni. Hata hivyo, ina kasoro moja inayoiharibu yote. Katika ukurasa wa pili tunasoma: "Chagua risasi ya risasi ikiwa risasi zako ni za mazoezi." Neno la kwanza ni kile kinachoruka, la pili ni madini, na la tatu ni kitu kizima kinachotiwa katika bastola. Mtafsiri hakukosea sarufi, wala hakutumia neno lisilo la Kiswahili. Amelibebesha neno moja mizigo mitatu, kisha akamwachia msomaji kazi ya kuipakua.

Mizigo hiyo ina historia yake. Neno hili tumelipata katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni yale madini mazito na laini. Enzi za bunduki za kushindilia, baruti ilikuwa peke yake, tufe la risasi peke yake, na fataki peke yake, na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Zilipokuja bunduki za kisasa, vyote vikakusanywa katika ganda moja la shaba, na jina la sehemu likapewa kitu kizima. Mlengaji anayeunda risasi zake kwa mkono anakitenganisha tena kile ambacho kiwanda kimekiunganisha. Kwa hiyo anahitaji upya majina ambayo mababu walikuwa nayo.

Tulifunga safari hadi Arusha, mji ambao kwa miaka mingi umekuwa kituo cha misafara ya uwindaji, tukamwamkia fundi mmoja mzee wa bunduki anayeishi upande wa Meru. Alitandaza gazeti mezani, akapanga vitu vinne vya maonyesho visivyo na uhai tena. "Wanangu," alisema, "hiki kichwa, hili ganda, hapa hukaa fataki, humu hukaa baruti. Vikishikana ndiyo risasi. Ninyi wa vitabu mnatafuta nini zaidi?" Hatukuwa na la kuongeza.

Tuonyeshe sasa hasara ya kutotofautisha. Katika mashindano yanayofuata kanuni za shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo, lililoundwa mwaka 1976, uzito wa kichwa kwa greini huzidishwa kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, kisha jibu hugawanywa kwa 1,000. Jibu lisipofika 125, alama za mlengaji hazihesabiwi. Kichwa cha greini 124 kinachokwenda futi 1,050 kwa sekunde hutoa 130.2, cha greini 147 kinachokwenda futi 890 hutoa karibu 130.8. Hapa ndipo uchaguzi ulipo, kwani walengaji wengi hupendelea kichwa kizito chenye mwendo wa taratibu kwa kuwa bastola hurudi nyuma kwa upole zaidi. Rasimu inasema "pima uzito wa risasi." Msomaji mtiifu ataweka mizanini kitu kizima, chenye karibu gramu 12, yaani greini 185, na hesabu yake itapanda hadi 194.

Kosa hilo litamgharimu aibu tu. Liko jingine. Rasimu inaonya: "Ukibadili risasi, anza upya na baruti kidogo." Onyo hili ndilo uti wa mgongo wa mwongozo mzima, kwa sababu kichwa kizito kikisukumwa na baruti iliyopimiwa kichwa chepesi, shinikizo hupanda na bastola huweza kupasuka mkononi. Msomaji anayeelewa "risasi" kuwa kitu kizima hataona kwamba ameonywa. Atabadili kichwa, ataacha baruti ilivyo, na atajiona amefuata maelekezo.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. "Risasi" libaki kwa kitu kizima, kama sheria na wananchi wanavyolitumia. Sehemu inayoruka iitwe "kichwa cha risasi", na madini yaitwe "madini ya risasi", kama wanavyosema watu wa afya. "Ganda" na "baruti" hayana ubishi. "Fataki" limechekwa na vijana tangu kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 ilipowapa jina hilo watu wazima wanaowarubuni wasichana, lakini mzaha wa mtaani haufuti istilahi. Kwa kuwa "ganda" limekwisha kupata kazi, kichwa chenye utando wa shaba kiitwe "kichwa kilichovikwa shaba".

Wako watakaopendekeza "kiasi cha bunduki" kwa kitu kizima, kama walivyosema wazee. Neno hilo tunaliheshimu, lakini leo "kiasi cha baruti" ni kipimo, na tungekuwa tumeondoa utata mmoja na kuleta mwingine. Wengine wataitaka "punje" badala ya "greini". Baruti yenyewe ina punje, na msomaji anaweza kuzihesabu! Wafanyabiashara wa tanzanaiti pale Arusha hupima kwa karati, na hakuna aliyewahi kuitafsiri karati.

Mwisho, rasimu inaiita kazi yenyewe "kujaza risasi". Kwa Mswahili, kujaza risasi ni kuzitia katika silaha. Kazi inayozungumzwa hapa ni "kuunda risasi kwa mkono", na kuipatia jina si kuiruhusu: masharti ya sheria yako palepale.

Tumemrudishia mtafsiri rasimu yake pamoja na maoni haya. Walimu na watumishi wa mahakama tunawaomba wapime hoja hii kwa mfano wao wenyewe: shahidi anaposema kwamba "risasi iliokotwa" mahali pa tukio, je, ameokota kichwa, ganda, au kitu kizima ambacho hakijapigwa?