Upepo wa Korogwe hautoki baharini tu

Handeni na Korogwe ni majirani, na misimu yao ya upepo ni ileile: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi. Hata hivyo upepo wa kutwa haufanani, na sababu kubwa ni Milima ya Usambara. Mji wa Korogwe uko chini, takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, kando ya mto Pangani. Upande mmoja kuna Usambara Magharibi, inayopanda kupita mita 2,000, upande mwingine Usambara Mashariki, na katikati bonde la mto Lwengera. Handeni imekaa kwenye nchi ya vilima vidogo, na milima ya Nguu iko mbali nayo.

Jua likipanda, mteremko hupata moto kuliko hewa iliyo mbali nao kwenye kimo hichohicho. Hewa inayougusa huwa nyepesi na kupanda, na hewa ya bondeni huvutwa kushika nafasi yake. Ikipanda, hupoa karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100 mpaka mvuke wake ugeuke matone. Ndiyo maana vilele huvaa mawingu mchana huku tambarare likiwa na jua kali. Usiku mteremko hupoteza joto, hewa iliyo juu yake huwa nzito na kuteleza chini. Alfajiri tulivu, moshi wa mafiga ya vijiji vya chini ya mlima haupandi wima: hulala, ukatambaa kufuata bonde kuelekea Pangani.

Wapo watakaosema huo ni upepo wa bahari tu, maana Tanga si mbali. Hoja hiyo ina uzito kwa mchana, kwani upepo wa bahari huingia bara na bonde la Pangani huupa njia. Lakini kwa usiku haitoshi. Upepo wa nchi kavu ungekwenda mashariki, baharini. Hewa ya Lwengera hushuka kusini, kama mto wenyewe. Wengine watasema kusi na kaskazi hufuta yote haya. Kweli, siku ya upepo mkali na mawingu mazito, pumzi ya mlima hufichika. Ila haifi: Kilimanjaro, unaopigwa na pepo hizohizo za msimu, huonesha kilele asubuhi na kujifunika alasiri.

Kwa hiyo utabiri mmoja wa upepo kwa wilaya hizi mbili hautoshi, na kipimo cha Handeni kisitumike kumwongoza mkulima wa Lwengera. Jambo hili ni zito zaidi wakati wa kusafisha mashamba. Moto unaowashwa saa nane mchana chini ya mteremko husukumwa juu, kwenye msitu unaolisha mito yetu. Mkulima wa chini ya Usambara, usiwashe moto mchana.