Jioni ya Chelo Unguja

Mimi si mtaalamu wa muziki. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanishika shati baadaye. Nilichonacho ni miaka 38 ya kusimama mbele ya watoto, na karibu miaka hiyo yote nilikuwa pia mwalimu wa kwaya, kazi ambayo hutupiwa mwalimu yeyote aliyeonekana siku moja akiimba bila kutazama kitabu. Chuoni tulifundishwa tonik solfa na kupanga sauti nne, na katika kupanga huko tulifundishwa, ingawa hakuna aliyelitamka wazi, kwamba besi ni punda wa nyumba. Abebe mzigo, asilie.

Mkufunzi wetu mmoja, Mjerumani wa misheni, alikuwa na mashine ya santuri. Jumamosi usiku alitualika nyumbani kwake, sisi wanachuo sita au saba, akatupa chai ya maziwa na kutusikilizisha kwarteti za Haydn. Twende mbele turudi nyuma, tulikwenda kwa sababu ya chai. Watu wanne wanakwaruza nyuzi, hakuna ngoma, hakuna maneno, hakuna mtu wa kuitikia. Mwenzangu mmoja alisema ni kama kusikiliza wazee wanne wakigombea mpaka wa kihamba nyuma ya mlango uliofungwa. Tulicheka sana. Leo naona alikuwa amesema jambo la maana kuliko sisi sote.

Maana muziki huo ndivyo ulivyo. Wazungu huuita muziki wa chumba, nami ningependelea kuuita muziki wa sebuleni, kwa kuwa chumbani kwa Kiswahili kuna shughuli nyingine. Ni muziki wa watu wachache, kila mmoja na sehemu yake, hakuna wa kuwaongoza kwa fimbo, na hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake. Katika kwaya ya watu 40 akikosea mmoja, malaika tu ndio wanaojua. Katika kwarteti akikosea mmoja, hata paka aliyelala mlangoni atainua kichwa.

Chelo katika mpango huo ni ile fidla kubwa inayokaliwa nayo, ikasimamishwa kwa mguu wa chuma na kubanwa kati ya magoti. Ina nyuzi nne, na sauti yake inaanza chini kwenye besi ya mwanamume na kupanda hadi anapoimba mwanamke. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa hiyo ya punda. Lakini mwaka 1772 Haydn aliandika kwarteti sita, na katika moja yake, ile ya pili, alifanya utundu: chelo ndiyo inayoanza kuimba, na fidla ya kwanza, bibi mwenye nyumba, inakaa kimya inasubiri zamu. Mkufunzi wetu alituonyesha mahali hapo kwa kidole kilichoinuliwa. Sisi tulikuwa tunatazama birika.

Niliyaweka hayo kando kwa zaidi ya miaka 40. Huku kwetu hakukuwa na cha kunikumbusha. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 na waliowafuata walituachia tarumbeta, si fidla, na bendi za tarumbeta za sharika ni fahari yetu mpaka leo. Nazipenda. Lakini tarumbeta ni chombo cha mlimani. Kimeumbwa kusikika ng'ambo ya bonde. Hakijui kunong'ona. Mtu aliyelelewa na tarumbeta na kwaya, kama mimi, hukua akidhani kwamba muziki mzuri ni ule unaojaza mahali.

Mwaka 2016 binti yangu, aliyeolewa Unguja, alinipeleka jioni moja kwenye ukumbi mdogo wa ghorofani, Mji Mkongwe. Sitautaja ukumbi wala wapigaji, kwa kuwa nina malalamiko nao na wao hawana pa kunijibia. Watu tuliokaa pale hatukuzidi 50. Mbele walikaa watano: mwenye ganuni, mwenye udi, mwenye fidla, mwenye dumbak, na kijana mmoja mwembamba mwenye chelo.

Nilishangaa kuiona chelo pale, na binti yangu akashangaa kwa kushangaa kwangu. "Baba, kwani hukuwahi kuitazama taarab? Wewe uliisikia redioni tu." Kweli. Chelo imo katika taarab ya Unguja tangu katikati ya karne iliyopita, pale vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na kile kilichoanza mwaka 1958 na baadaye kikaitwa Culture, vilipojipanga kwa mfano wa okestra za Misri zilizosikika kwenye redio na filamu. Redioni nilikuwa nikiisikia bila kuijua. Ndiyo ile sakafu chini ya fidla ambayo mtu huikanyaga kila siku asiulize imetengenezwa na nani.

Walianza na bashraf, yaani ule muziki usio na mwimbaji unaofungua jioni. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tofauti. Katika kwarteti ya Haydn kila chombo kina neno lake, na utamu uko katika kupingana na kupatana. Katika bashraf wote wanasema neno lile lile. Ganuni inalipasua vipande vidogo vidogo, udi unalitamka kwa mkato, fidla inalivuta, na chelo inalisema chini, polepole, kama mzee anayerudia maneno ya wajukuu ili ahakikishe ameyasikia vizuri. Mwalimu wa kwaya angeandika pale: sauti moja, hakuna upatanifu. Angekuwa amekosea. Wimbo ni mmoja, lakini hakuna wawili wanaoupitia kwa njia moja, na katika kuachana huko kwa nusu hatua ndimo ulimo upatanifu wenyewe.

Yule kijana alikuwa hodari kweli. Uhodari wake sikuuona katika kasi, kwani hakuwa na kasi, bali katika kuamua lini atumie upinde na lini aziguse nyuzi kwa vidole. Fidla ilipokuwa inaimba kwa hisia nyingi, yeye aliweka upinde mapajani na kudonoa, kavu, karibu na dumbak. Fidla ilipochoka, aliuchukua upinde na kuvuta sauti moja ndefu ambayo ilianza kabla sijajua imeanza. Huku Chekereni tunalima mpunga kwa maji ya mfereji, na kila mwenye jaruba anajua kwamba ufundi hauko katika kufungua maji. Kufungua anaweza hata mtoto. Ufundi ni kujua saa ya kufunga ili jirani wa chini apate. Kijana yule alijua kufunga.

Katikati ya jioni aliachiwa peke yake. Wengine walinyamaza, naye akapiga kwa kubuni, bila kufuata kitabu, akizunguka katika nyuzi za chini kabisa. Akaacha kutikisa kidole, sauti ikawa ngumu, yenye mkwaruzo, na kidogo tu ya kuumiza sikio. Nikalitambua. Lilikuwa zeze.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo sijawahi kuliandika. Katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku tambarare, nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tano, Mgogo, ambaye baba yake alikuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa. Kijana huyo alikuja shuleni na zeze la babu yake, la kibuyu na nyuzi mbili. Alilipiga wakati wa mapumziko, watoto wakamzunguka. Mimi nilikuwa naandaa kwaya ya mashindano ya wilaya. Nilimwita ofisini, nikalichukua zeze, nikamwambia atalipata siku ya kufunga shule, na kwamba kama anapenda muziki aje kwaya, sauti ya pili. Hakuja. Siku ya kufunga shule nilikuwa na ripoti za kusaini. Zeze lilibaki juu ya kabati, na siku nilipolikumbuka, mchwa walikuwa wameshalipata. Mwaka uliofuata familia ile ilihama.

Wala siwezi kujitetea kwamba zama hizo hatukujua thamani ya mambo yetu. Hukwe Zawose, Mgogo kama yule mtoto, alikuwa Bagamoyo tayari, akipeleka zeze na marimba ya mkononi katika majukwaa ya dunia, na redio ilimpiga. Nilimsikia, nikamsifu, na zeze la mtoto lilikuwa kabatini kwangu.

Basi pale ghorofani niliyasikiliza yaliyobaki kwa moyo usiotulia, na huenda ukali wangu kwa sehemu ya pili unatokana na hilo. Msomaji apime mwenyewe. Walimkaribisha mgeni kutoka Ulaya, mpiga gitaa, ili kuwe na kile wanachokiita ushirikiano. Kwanza wakaleta vipaza sauti. Chelo haipendi kipaza sauti kilichowekwa ovyo. Ile sauti iliyokuwa inatoka kwenye mbao ikaanza kutoka kwenye kasha jeusi ukutani, na mara nikamwona kijana anapiga hapa na kumsikia kule. Pili, mgeni alikuwa na vidole vyepesi na hakuwa na subira. Kila palipobaki nafasi aliijaza. Ganuni ilirudi nyuma, udi ukarudi nyuma, na chelo ikarudishwa kwenye kazi yake ya punda, ikidonoa sauti mbili, mbili, mbili, mpaka mwisho. Watu walipiga makofi kuliko mwanzo. Mgeni ukimkaribisha chakula hutegemei aanze kupakua.

Lakini si haki kuhukumu ushirikiano wote kwa jioni ile. Binti yangu, aliyeniona nimenuna, alinipa siku ya pili yake diski ya Mfaransa Vincent Segal, mpiga chelo, na Ballaké Sissoko wa Mali, mpiga kora, yaani kinubi cha Afrika Magharibi chenye nyuzi 21. Ilitoka mwaka 2009, ilirekodiwa Bamako katika studio ya Salif Keita, na jina lake kwa Kiingereza ndilo hilo hilo, muziki wa chumba. Segal amesoma muziki wa Ulaya barabara, na amepiga pia na wanamuziki wa aina nyingine kabisa, akiwamo Cesária Évora wa Cape Verde. Katika diski hii anafanya jambo ambalo yule mpiga gitaa hakulifanya: anaingia kwa Sissoko kama mtu anayevua viatu mlangoni. Mara chelo ni ngoma, mara ni uzi mmoja tu unaovutwa chini ya mvua ya kora, mara ni kora ya pili. Na Sissoko naye hajifanyi mnyonge. Anapokea wimbo na kuurudisha umebadilika.

Nina neno dhidi yao pia. Upole ukizidi unachosha. Baada ya nyimbo nne tano ningetamani mmoja amkatize mwenzake, kama wale wazee wa kihamba. Haydn hakuogopa kugombana. Diski yao ya mwaka 2015, ambayo sehemu yake ilirekodiwa juu ya paa la nyumba ya Sissoko usiku, ni pole vile vile, ila pale naona upole umepata hewa.

Ninachojiuliza ni nani atampa kijana yule wa Unguja nafasi kama hiyo. Tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa imeweka kinanda cha umeme mahali pa nyuzi, na mwenye harusi hawezi kulaumiwa: kinanda ni mtu mmoja, fidla sita ni watu sita wenye njaa. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimefundisha vijana kushika upinde, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini mpigaji hakui kwa kufundishwa tu. Hukua kwa kusikilizwa na watu wachache, mara nyingi, mahali pasipo na kelele. Watalii wanasikiliza mara moja na kupanda boti.

Niliporudi Chekereni nilianza kumtafuta mwanafunzi wangu. Ilinichukua miaka mitatu, kwa kuulizia huyu na yule, mpaka nikapata namba ya simu. Ni fundi uashi, anaishi Dodoma, ana wajukuu. Alinijua kwa sauti kabla sijajitaja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Tuliulizana habari za watoto, mvua na magoti. Nikawa natafuta pa kuanzia, naye akanitangulia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia jembe aliloliazimisha wiki iliyopita.

"Mwalimu, lile zeze la babu bado unalo?"

Nikamwambia mchwa walilila. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huku mpunga umeshapandwa.